Imeli inayoleta kamiyo ya mnunuzi

Ndugu wanakoperative wa Kasongo na Kabambare,

Mavuno yakiisha, kila nyumba inatafuta pesa kwa wakati mmoja: minervali, dawa, deni la mbegu. Mchuuzi anayefika kijijini na kinga ao moto anajua hilo, njo maana bei anaiweka yeye. Lakini koperative iliyokusanya mifuko pamoja inaweza kumwandikia mnunuzi wa Kindu, Kalemie ao Bukavu moja kwa moja. Simu moja ya katibu yenye intaneti inatosha. Sasa tuandike namna gani ili tujibiwe?

Tutazame kwanza imeli hii:

«Tunawasalimu kwa heshima kubwa. Sisi wakulima tunateseka sana, tunaomba mtusaidie kununua mazao yetu mazuri. Mungu awabariki.»

Hakuna uongo hapo, lakini mnunuzi hakupata hata kitu kimoja cha kupigia hesabu. Ni mpunga ao mchele? Kilo ngapi? Kamiyo itafika? Anaiacha, anafungua ingine.

Sasa hii, kwa mfano:

«Kichwa: Mchele tani 3, depo ya Kasongo.
Bwana (jina lake), tuko na mifuko 30 ya mchele uliokobolewa, kila mfuko kilo 100, imepimwa kwa mizani. Iko katika depo kando ya barabara, kamiyo inafika. Bei ni (andika) kwa kilo, kuchukulia depo. Tunakuwekea mpaka tarehe 15. Tafadhali utujibu kabla ya siku ya posho, ao upigie katibu simu.»

Ni fupi, na inajibu maulizo yote. Tushike mambo haya:

1. Kichwa kiseme kitu, uzito na mahali. Mnunuzi anasoma kichwa kwanza, na pengine hicho tu.

2. Tuandike kilo, si «mifuko» peke yake, kwa sababu mifuko hailingani. Tuseme pia kama ni mpunga ao mchele: kilo 100 za mpunga zikikobolewa zinatoa karibu kilo 60 mpaka 65 za mchele. Kwa karanga, tuseme kama zimemenywa na zimekauka vizuri.

3. Bei ya depo si bei ya Kindu. Tuseme wazi nani analipa kamiyo, wapakiaji na taksi za njiani. Kama mvua imekata barabara, tuseme pia. Mnunuzi ambaye kamiyo yake imekwama matopeni kwa sababu yetu hatarudi tena.

4. Koperative iliyoandikishwa iweke namba yake ya rejista. Sheria ya OHADA juu ya koperative ni ya tarehe 15 desemba 2010, na inafuatwa katika nchi yetu tangu septemba 2012. Namba hiyo inamwonyesha mnunuzi kwamba hazungumzi na mtu mmoja tu mwenye simu.

5. Tuandikie kila mnunuzi peke yake, kwa jina lake. Picha moja ndogo inatosha. Picha kubwa zinakula mega zetu na zake.

Jambo kubwa kuliko yote: tuhesabu mifuko kabla ya kuandika. Tukiahidi 30 na kamiyo ikakuta 18, tumepoteza mnunuzi na jina letu. Kila mwanachama alete mifuko yake depo, ipimwe, iandikwe katika kaye mbele yake. Bei nayo ikubaliwe katika mkutano, kisha katibu asome imeli kwa sauti kabla ya kuituma. Hapo hakuna atakayesema aliuziwa mali yake gizani.

Na tukumbuke: imeli si pesa. Mtu akijibu «pakieni, nitalipa kesho», tungoje kesho hiyo. Mifuko itoke depo wakati malipo yamefika na yamehesabiwa.

Juma likipita bila jibu, tumkumbushe mara moja tu, kwa mistari miwili. Mali ikiisha, tumjulishe pia, na tumwambie mavuno mengine yatakuwa lini. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli mwaka huu, mwaka kesho atatutafuta yeye mwenyewe.