Kuijua Lenzi ya Zamani (2): Kasoro ni Ipi, Tabia ni Ipi?

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi lenzi inavyokusanya mwanga, na kwa nini lenzi ya milimita 50 hivi ndiyo iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera. Leo tunaishika lenzi yenyewe mkononi. Nimechagua Helios 44-2, ya milimita 58, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/2. Ni miongoni mwa lenzi za zamani zinazopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, na wanunuzi huihukumu vibaya mno: wanaikataa iliyo nzima, wanaibeba iliyoharibika.

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1927 Willi Merté wa kampuni ya Zeiss alisanifu lenzi iliyoitwa Biotar, na katika miaka ya 1930 ikatoka ile ya milimita 58. Urefu huo una sababu. Nyuma ya lenzi, kamera iliyokusudiwa ina kioo cha kutazamia kinachoinuka kila picha inapopigwa, na bila nafasi ya kutosha kingegonga lenzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, usanifu huo ulihamia Urusi ya Kisovieti, na kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, jirani na Moscow, kikaitoa kwa jina la Helios. Wengi waliipata ikiwa imefungwa kwenye Zenit-E, kamera iliyotengenezwa kwa zaidi ya milioni tatu.

Ukiletewa moja, omba tochi kabla ya kuuliza bei. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, kisha tazama kwa mbele ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi utaliona, wala lisikutishe. Hata mkwaruzo mwembamba kwenye kioo cha mbele ni nadra kuonekana pichani, labda ukipiga kuelekea jua. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi kutoka ukingoni. Hiyo ni kuvu. Hustawi penye joto na unyevu, kwa hiyo sisi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, tuna kila sababu ya kuiogopa. Ikikaa muda mrefu hula ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao, na hata ukiisafisha, alama yake hubaki. Angalia pia weupe uliotanda sawasawa ndani ya lenzi, ambao mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani. Weupe huo hufifisha picha nzima kuliko mikwaruzo mitano.

Mafuta kwenye vibati vya tundu ni habari nyingine. Vibati hivyo ni 8, na mtu akiona vinang'aa kwa mafuta huiacha lenzi papo hapo. Kwa lenzi ambazo kamera ndiyo inayofunga tundu kwa springi, ana haki, maana vibati vikinata picha huingia mwanga kupita kiasi. Lakini 44-2 haina springi hiyo. Ina pete mbili: moja unachagulia namba, nyingine unafungia tundu kwa mkono wako hadi kwenye namba hiyo. Vibati vyenye mafuta vitafunga vilevile. Mradi mvuke haujatanda kwenye vioo, tumia hoja hiyo kupunguziwa bei.

Pete ya kulenga ikiwa nzito, grisi imekauka tu, na fundi ataibadilisha. Kichunguze kichwa cha kila skrubu. Kikiwa kimechubuka, lenzi imeshafunguliwa, na huenda ilirudishwa vibaya. Lenga mwezi au mnara wa simu wa mbali uone kama unakolea. Ila hakikisha adapta inayoiunganisha lenzi na kamera yako si ya kulaumiwa: kwenye Nikon za filamu na za kioo cha kutazamia, lenzi za hesi za milimita 42 kama hii haziwezi kulenga mbali bila adapta yenye kioo cha kusahihisha, kwa sababu umbali kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu au sensa ni mkubwa mno.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote hufanywa usiku. Tafuta taa moja ndogo ya mbali, ilenge ikiwa katikati kwa f/2, kisha ipige tena ikiwa katika kila pembe ya picha. Pembeni nukta ya mwanga itavurugika kidogo, na hilo ni la kawaida. Linganisha pembe zote nne. Zikivurugika kwa namna moja, lenzi iko sawa. Pembe moja ikivurugika peke yake, kuna kipande cha kioo kilichokaa upande, na kukirudisha si kazi ya mezani nyumbani.

Sasa ile mizunguko inayolalamikiwa. Mpige mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwako, nyuma yake pawe na majani yanayopenyeza mwanga. Utaona nukta za mwanga pembeni zimegeuka duaradufu zinazoizunguka sura yake. Ukingo wa lenzi hukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa mshazari, na makosa ya usanifu yaliyobaki pembeni huongezea. Helios zote nzima hufanya hivyo. Funga tundu hadi f/5.6, mizunguko inatoweka na picha inakolea. Kwenye kamera yenye sensa ndogo utaiona kwa uchache, kwa kuwa pembe za picha hukatwa.

Kwangu mimi, Helios yenye mkwaruzo, mafuta kwenye vibati na pembe nne zinazofanana ni ya kununua. Inayong'aa nje lakini ina kuvu ndani, mrudishie mwenyewe. Juma lijalo tutaifungua na kubadilisha grisi; hadi hapo, nakusihi usiingize bisibisi popote.