Umeuza tairi 20, umerudi na 17: jinsi ya kuendesha duka la tairi kipindi kigumu

Leo naongea na wale wanaouza tairi. Ila hata kama unauza simu, vyombo au vipodozi, usipite, maana shida zetu ni zile zile: bidhaa inatoka nje, bei inapanda, mteja hana hela, na mwenye fremu anataka kodi yake.

Mimi nauza tairi Morogoro mjini, fremu ndogo upande wa Msamvu. Wateja wangu ni wa aina mbili. Kuna wa barabara kuu, maana hapa ndipo njia ya kutoka Dar inapogawanyika, moja inaelekea Dodoma na nyingine Iringa. Hao ni watu wa Noah, IST na Canter. Halafu kuna vijana wa bodaboda wanaopanda milima ya Uluguru, wanaoshusha ndizi na mananasi kutoka Kinole na Matombo, na wale wanaoleta mboga kutoka Mgeta. Hawa wa milimani ndio wanaonilisha, na wengi wananiona kwanza kwenye WhatsApp au Facebook kabla hawajafika dukani.

Katika kipindi kigumu nimefanya makosa mawili makubwa. La kwanza lilinilia mtaji. La pili nusura limmalize mtu. Nitayasema yote mawili ili wewe usipite njia hiyo.

1. Piga hesabu kwa bei ya mzigo unaofuata

Mwaka 2023 nilikuwa nauza vizuri tu. Hela naiona, nacheka. Nilipoenda Dar kuchukua mzigo mwingine ndipo nilipochoka. Hela ile ile, tairi chache.

Tuseme ulinunua tairi 20 za bodaboda kwa shilingi 40,000 kila moja. Hapo umetoa 800,000. Ukauza zote kwa 48,000, ukapata 960,000. Unajiona una faida ya 160,000. Kodi, umeme na chakula vikala 120,000, ukabaki na 840,000. Unafika kwa mtu wa jumla, anakwambia bei sasa ni 47,000. Unapata tairi 17 na chenji 41,000, ambayo humo humo utoe nauli na kusafirisha mzigo. Yaani umefanya kazi mwezi mzima, umerudi na upungufu wa tairi tatu. Ukirudia hivyo tena na tena, duka linakuwa tupu na hujui nani kakuibia.

Sababu ni kwamba kiwanda chetu cha General Tyre pale Arusha kilisimama mwaka 2009, kwa hiyo tunategemea tairi za kutoka nje, na zinanunuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600, na kuipata yenyewe ilikuwa shughuli. Mafuta nayo yalipanda mwaka huo wa 2023 mpaka lita ikapita shilingi 3,000, na kila mzigo unaotoka Dar unasafiri kwa mafuta.

Kwa hiyo kabla sijapanga bei, nampigia mtu wa jumla kila Jumatatu na kumuuliza bei ya leo. Bei yangu inaanzia hapo. Bei niliyonunulia mimi mwezi uliopita haihusiki tena. Na mtaji nauhesabu kwa idadi ya tairi. Kama mwezi umeanza na 20 na umeisha na 20 baada ya kulipa kila kitu, upo salama.

Ila usije ukajichanganya ukajaza stoo ukisubiri bei ipande. Mwisho wa 2024 shilingi ilipata nguvu na dola ikashuka. Aliyekuwa amekopa ili ajaze mzigo wa bei ya juu alilazimika kushindana na mwenye mzigo wa bei ya chini. Chukua mzigo wa wiki nne au sita, hasa saizi zinazotembea.

2. Usishuke ubora ili ushushe bei

Hili ndilo kosa langu la pili, na bado linaniuma.

Mteja wa kipindi kigumu anakuja na neno moja: "Kaka, hakuna ya bei ya chini zaidi?" Ukimwambia hakuna, anaondoka. Siku hizo kuna mtu akaniletea tairi za mtumba za pikipiki, zimepakwa rangi nyeusi zinang'aa, bei nusu. Nilijua zimechongwa. Yaani tairi imeisha, imekuwa kipara, mtu anachukua kisu cha moto anachimba mifereji upya ili ionekane ina meno. Nikachukua kumi.

Moja nilimuuzia kijana anayeshusha ndizi kutoka Kinole. Faida yangu ilikuwa shilingi 9,000. Ilikuwa masika, njia imelowa, amebeba mikungu, anateremka. Tairi ya nyuma ikapasuka pale pale kwenye mfereji uliochimbwa. Mguu ukavunjika sehemu mbili. Nilikwenda hospitali, nikachangia matibabu, na hela niliyotoa ilizidi faida ya tairi zote kumi mara nyingi. Mama yake hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulijua?" Sikuwa na jibu.

Kijiwe chake kizima kilihama kwangu kwa karibu mwaka. Zile nane zilizobaki nilizikata vipande kwa mkono wangu, na niliyekuwa nimemuuzia nyingine nilimtafuta nikamrudishia hela.

Kwa hiyo jifunze kukagua kabla hujalipa:

– Angalia ndani ya mifereji. Tairi nyingi zina vinundu vidogo vya kuonyesha kiwango cha kuisha. Vikiwa vimekatwa katikati, hiyo imechongwa.
– Pitisha kidole. Mfereji wa kiwandani una kina kinacholingana na kingo laini. Wa kuchonga una kingo kali na kina kinachopishana. Ukiona nyuzi, usijadili bei, ondoka.
– Tafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ndiyo tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa 3522, imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na watengenezaji wengi wanasema tairi isizidi miaka 10 hata kama meno bado yapo.
– Bonyeza ubavu na uukunje kidogo. Ukiona vinyufa, mpira umekauka.

Mteja akikosa hela ya tairi mpya, siku hizi namwambia ukweli: "Kaka, ya bei hiyo sina. Lipa kidogo kidogo, nakuwekea." Anaacha hata 5,000 kila siku mbili, naandika kwenye daftari, na siku ikitimia anachukua tairi nzima. Tairi inabaki dukani mpaka hela iishe, kwa hiyo hatudaiani wala hatugombani.

3. Tangazo liseme ukweli wote

Wengi wetu tunaposti tairi moja inang'aa halafu tunaandika "bei njoo inbox". Mteja mwenye pancha barabarani hana muda wa inbox. Mimi naposti picha tatu: ya tairi nzima, ya saizi, na ya zile tarakimu nne za tarehe. Bei naandika wazi pamoja na siku niliyoiandika, ili kesho ikibadilika asiseme nimemgeuka.

Saizi usikisie. Mwambie mteja apige picha ubavu wa tairi yake. Ikiandikwa 195/65R15, maana yake upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Kwenye pikipiki utakuta 3.00-17 au 3.00-18. Ukituma ya 18 kwa mwenye rimu ya 17, umelipia mzigo kwenda na kurudi, na mteja umempoteza.

Na usiandike "mpya" kwenye mtumba. Andika mtumba, na useme umebaki na meno kiasi gani.

4. Mzigo usitoke kwa kuona meseji

Kipindi kigumu matapeli wanaongezeka. Mtu anapiga, ana haraka, gari limekwama, anataka tairi nne zipakiwe kwenye basi sasa hivi. Meseji ya malipo inaingia, ina jina na kiasi kamili. Ukiangalia salio, hakuna kitu. Meseji ameitengeneza yeye.

Sheria ya dukani kwangu: hakuna kupakia mpaka nimefungua menyu ya simu na kuona salio limeongezeka. Hata kama ni mzee wa kanisani au shehe wa mtaani kwetu. Na namba za kitapeli usizifute tu, zitume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Ukituma mzigo kwa basi, piga picha ya tairi, ya stakabadhi na ya namba ya gari, umtumie mteja hapo hapo.

5. Mkopo wa kausha damu hauokoi duka

Mzigo ukipungua, kishawishi ni kukopa haraka. Kausha damu wanakupa leo na wanaanza kukudai kesho. Tairi haitoki kila siku, rejesho linatoka kila siku. Hesabu hiyo haiwezi kukaa sawa. Mikopo ya kwenye simu nayo angalia leseni kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu zaidi ya 60 zilizokuwa zinakopesha bila leseni.

Kama una kikundi, uliza halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Inachukua muda na makaratasi, kwa hiyo anza kuifuatilia kabla hujabanwa.

6. Linda mzigo ulio nao

Tairi mpya usiianike juani kutwa nzima kwa ajili ya kuvutia wateja. Jua linakausha mpira. Nje weka mbili za zamani za kuonyesha, mpya zikae ndani, zisimame wima kwenye rafu, na uzigeuze mara kwa mara. Petroli, oili na mashine ya kuchomelea zikae mbali. Tairi zikishika moto kuzizima ni kazi kubwa, na moshi wake unaziba mtaa. Sisi wa Msamvu tangu ajali ya lori la mafuta ya Agosti 10, 2019, hakuna wa kutufundisha moto ni nini. Nunua mtungi wa kuzimia moto, na namba ya zimamoto, 114, iandike ukutani.

Mvua zikianza, tairi za nje zimwage maji. Maji yaliyotuama ndani ya tairi ndiyo wanayoyapenda mbu wa dengi, na wa kwanza kung'atwa ni wewe unayeshinda hapo.

7. Wateja wako wasikae kwenye mtandao peke yake

Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku hizo nilijua nani ana biashara na nani ana akaunti tu. Kilichonisaidia ni daftari la mkono: jina, namba ya simu, aina ya chombo, saizi ya tairi, na tarehe aliyonunua. Nilikuwa napiga simu za kawaida: "Vipi kaka, ile ya nyuma ina miezi minane sasa, ikoje?" Wengine waliuliza bei, wengine walikuja hali ilipotulia. Leo kabla hujalala, chukua daftari, hamisha wateja wako 50 wa kwanza kutoka kwenye simu.

Kila jioni nikifunga fremu najiuliza maswali mawili. La kwanza: kwa hela ya tairi niliyouza leo, naweza kununua nyingine kama hiyo kesho? La pili: tairi hii ningemfungia mdogo wangu akashushe ndizi Kinole wakati wa masika? Nikijibu hapana kwenye moja wapo, najua kesho asubuhi naanza na kurekebisha hilo.

Yule kijana sasa anatembea na ameshaanza kuendesha. Mwezi uliopita alikuja kununua tairi ya mbele. Aliikagua mwenyewe kwa kidole, mfereji kwa mfereji, mimi nimesimama pembeni kimya. Akalipa, akaondoka.

Kama una mwenzako anauza tairi, mtumie hii aisome. Na wewe tuambie: mzigo unaouza, bei ya jumla ya wiki hii unaijua?