Mpini uliomaliza faru

Bwana harusi wa Unguja au Lamu akitoka na joho na jambia kiunoni, wageni hutazama nakshi za fedha kwenye ala. Wajuzi hutazama mpini.

Huko Yemen, ambako wanaume wengi wa milimani hujifunga jambia kila siku, bei yote iko hapo. Mpini unaotakiwa ni wa kipusa, pembe ya faru. Ukiwa mpya hauna mvuto wa ajabu: ni wa kahawia iliyokolea, basi. Lakini ukishikwa miaka na miaka, na kiganja cha baba kisha cha mwana, hulainika, hung'aa, na ukiuelekeza juani mwanga hupenya pembezoni kwa rangi ya asali. Huo huitwa saifani, na mwenye nao hauuzi hivi hivi. Mpini wa plastiki ungeshika kisu vilevile, lakini nani atamsifia mtu kwa plastiki?

Zamani kipusa kilikuwa cha masharifu na makadhi. Mapinduzi ya 1962 yakamwondoa imamu aliyetawala, na miaka ya 1970 vibarua wakarudi kutoka Saudia na fedha za mafuta, kila mmoja akitaka mpini wa wakubwa. Mafundi wa mji wa Sanaa wakachonga. Hata mabaki ya kuchonga yaliuzwa Asia ya Mashariki kutengenezea dawa.

Huku kwetu majangili walikuwa kazini. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Miaka ya 1980 ikiisha, hawakufika 500. Tusiwatwishe Wayemeni lawama yote: wanunuzi wa dawa walikuwapo, na waliofyatua risasi na kupokea hongo walikuwa watu wetu.

Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, magendo yakaendelea. Mtafiti Esmond Bradley Martin, Mmarekani mkazi wa Nairobi, alikwenda Sanaa mara kwa mara kukagua maduka na kuwashawishi mafundi watumie vitu vingine, akiki ikiwemo. Aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018.

Ukinunua jambia, liwe la Muscat au la Mombasa, uliza mpini ni wa nini. Ukiambiwa ni kipusa, liache hapo hapo: biashara yake ya kimataifa imekatazwa tangu 1977.