Siku tuliyotembezwa Rubona: ziwa, gesi na neno letu mazuku

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tuko na habari moja tu, lakini ni ndefu kidogo. Tulipeleka wanafunzi wa senior ya tatu Rubona, katika sekta ya Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, kutembezwa mahali ambapo watu wa vyuo vikuu wanachunguza ziwa Kivu. Wengine walituuliza kama ni Rubona ya Huye, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Hapana. Hii ni ile ya kandokando ya ziwa, kilomita chache tu kutoka Gisenyi mjini, pale kwenye kiwanda cha bia.

KABLA YA KUONDOKA

Kupata barua za ruhusa haikuwa ngumu kama kupata ruhusa ya wazazi. Kati ya watoto 32, saba walikataliwa. Wazazi wengine waliogopa ziwa. Walikumbuka Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, ardhi ikatikisika siku nyingi, nyumba zikapasuka Goma na Gisenyi, na watu wakaambiwa ati ziwa nalo litalipuka. Baba mmoja alikataa kwa sababu nyingine. Alisema: "Mkimbizi anaenda kutazama mambo ya universite ya nini? Ni kumnusisha mtoto nyama ya jirani."

Mama mmoja alikuja kwetu usiku. Akasema: "Walimu, mimi nilishazika mtoto mmoja juu ya hewa ya ule upande. Huyu sitawapa peke yake. Kama anaenda, na mimi naenda." Basi akaja, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi zamani upande wa Minova. Hao wawili ndio walikuwa wazazi wetu wa safari, na kumbe ndio waliotufundisha zaidi.

KITUO CHA KWANZA: MITUMBWI

Aliyetutembeza ni kijana wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, anayejifunza kazi kwa watafiti wa ziwa. Alituanzisha kwa wavuvi, pale mitumbwi inapofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, ile ya kuvua sambaza usiku kwa taa. Akatuambia sambaza si samaki wa Kivu kwa asili. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Halafu akatoa kisahani cheupe kilichofungwa kamba yenye alama za mita. Akakishusha majini polepole, akamwambia binti mmoja aseme kitakapopotea machoni. Mita alizosoma kwenye kamba ndizo zinaonyesha maji yako safi kiasi gani. Watoto walishangaa: kumbe utafiti unaweza kuanza na sahani na kamba! Kwa kina zaidi wanashusha kwa waya chombo kinachopima joto na chumvi ya maji. Kivu ina kina cha mita 485 pale penye kina kirefu, na kadiri unavyoshuka chini sana maji yanakuwa ya joto zaidi na ya chumvi zaidi, si baridi zaidi.

Mzee wetu akaingilia: "Sisi hatukuwa tunateremsha wavu mbali sana. Baba zetu walisema kule chini hakuna kitu."

Kijana akamgeukia kwa heshima: "Mzee wangu, walisema kweli. Ukipita mita kama sitini hivi, hewa ya kupumua kwa samaki inakwisha. Kule chini samaki hawaishi." Mzee hakujibu, lakini siku nzima baada ya hapo alitembea mbele pamoja na kijana.

KITUO CHA PILI: GESI

Tukasimama mahali unapoona ziwa vizuri, harufu ya kiwanda ikitujia. Gesi ya chini ya Kivu ilijulikana na wanasayansi tangu 1935, alipokuja Mbelgiji anayeitwa Damas kuchukua maji ya kilindini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wabelgiji waliweka mtambo mdogo hapa Rubona, na gesi yake ikawa inachemsha maji ya kiwanda cha Bralirwa kwa miaka kama arobaini. Mwaka 2008 mtambo wa majaribio wa serikali ulianza kutoa umeme wa gesi hapahapa. Mwaka 2016 ukazinduliwa mtambo mkubwa wa KivuWatt, upande wa Karongi, wenye megawati 26.

Mtoto mmoja akauliza: "Iko ndani kama moto?" Kijana akatoa chupa ya Fanta. Alisema gesi imeyeyuka ndani ya maji, kama ndani ya Fanta iliyofungwa. Uzito wa maji ya juu ndio kifuniko. Wanachofanya ni kushusha bomba mpaka mita mia tatu na zaidi. Wakishalianzisha, maji yanapanda yenyewe kwa sababu mapovu yanayasukuma. Juu wanatenga gesi. Ile ya kuwaka ni methani. Ile isiyowaka, kaboni dayoksaidi, wanaiosha kwa maji. Maji yaliyobaki wanayarudisha kilindini, kwenye kina kilichopimwa, ili wasivuruge matabaka ya ziwa.

Je, litalipuka? Hapo kijana hakutudanganya. Alisema mwaka 1986, ziwa dogo la Nyos, Kameruni, lilitoa gesi ghafla usiku na watu kama 1,700 wakafa. Kivu ina gesi nyingi kupita Nyos kwa mbali sana: methani kama kilomita za ujazo 60, na ile nyingine kama 300. Lakini vipimo vinaonyesha bado haijafika kiwango cha kutoka yenyewe. Gesi nyingi iko chini ya mita 260. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na watafiti walipopima baadaye waliona matabaka ya chini hayakuvurugika. "Ndiyo maana tunapima kila wakati," akasema. "Hofu bila kipimo haisaidii, na kujiamini bila kipimo nako ni hatari."

KITUO CHA TATU: MAJI YA MOTO

Mwisho tulienda kwenye chemchemi za maji ya moto, watu wanapokuja kuoga na kukanda miguu. Pale ndipo mama yetu aliuliza swali lake. Aliuliza polepole: "Mwanangu, mtoto anaweza kulala chini akacheza, asiumwe, asilie, halafu akafa?"

Kijana akauliza kama palikuwa bondeni. Mama akasema ndiyo, kwenye shimo nyuma ya nyumba, njia ya Sake, asubuhi mapema. Na kondoo wawili walikutwa wamekufa palepale.

"Mama, hiyo ni mazuku."

Neno hilo tunalijua sote, upepo mbaya wa kwetu. Tusilolijua ni kwamba wanasayansi wa dunia nzima wanalitumia hivyohivyo, kwa Kiswahili chetu, ndani ya vitabu vyao. Ni ile kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini karibu na volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, wakati mtoto au mnyama aliye chini anakosa pumzi palepale.

Mama alikaa juu ya jiwe. Akasema kwa miaka yote hiyo familia ilimshtaki shangazi wa mtoto kwamba alimroga. Walimfukuza. Hawajasemezana tena.

Ametupa ruhusa kuandika habari hii bila jina lake. Tuliporudi alimtumia yule shangazi ujumbe kwa simu ya jirani. Mpaka tunaandika, jibu halijafika.

SWALI LA BINTI

Kabla ya kupanda basi, binti aliyeshika kamba aliuliza: "Kaka, mkimbizi anaweza kufanya kazi kama yako?" Tunaandika hapa tunachojua, ili yule baba wa nyama ya jirani naye asome. Msaada wa DAFI, unaolipwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani, unasomesha wakimbizi vyuo vikuu tangu 1992. Mwaka 2015 Kepler ilifungua masomo ya chuo ndani ya kambi ya Kiziba. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, hatutawadanganya. Lakini anayeacha shule senior ya tatu hana hata hiyo nafasi ya kuomba.

Na utafiti si jambo la wageni tu. Wazee wa Katana na Kabare wanakumbuka Lwiro, kituo kilichoanzishwa 1947, ambako wageni walitembezwa kuona makusanyo ya wanyama na maktaba.

YA KUSHIKA NYUMBANI

1. Ukiwa sehemu za volkano, usimwache mtoto acheze au alale shimoni, hasa alfajiri.
2. Ukiona wadudu, ndege au kuku wamekufa pamoja mahali pa chini, usishuke. Weka alama, waonye majirani.
3. Mtu akianguka shimoni, usimkimbilie chini bila kufikiri. Wengi wamekufa hivyo wakiokoa ndugu. Ita watu, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu.
4. Mtu akifa ghafla, ulizeni kwanza mahali na saa, kabla ya kuuliza nani.

Watoto wameshatengeneza kisahani chao kwa kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe. Mkiwakuta wanakishusha kwenye pipa la maji ya mvua, msiwafukuze. Waulizeni wamesoma ngapi.