Ganzi ya Miguu, Upungufu wa Damu na Mipaka ya Vidonge vya Vitamini B

Katika maduka ya dawa ya Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju, vidonge vinavyochanganya vitamini B1, B6 na B12 si vigeni. Wapo wanaovinunua kwa sababu nyayo zinawaka moto usiku au vidole vimekufa ganzi. Wengine huvinunua ili kuongeza damu baada ya kusumbuliwa na uchovu na kizunguzungu. Vitamini hizo zina kazi ya kweli mwilini, lakini kidonge kinachonunuliwa bila kipimo kinaweza kumchelewesha mgonjwa kuujua ugonjwa wake.

Vitamini B1 huwezesha mishipa ya fahamu kupata nguvu kutokana na wanga. B6 hushiriki katika kutengeneza kemikali zinazopeleka taarifa kati ya mishipa hiyo, na pia katika kutengeneza himoglobini. B12 hulinda utando unaoizunguka mishipa ya fahamu na, ikishirikiana na asidi ya foliki, huuwezesha uboho kuzalisha chembe nyekundu za damu. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, kiasi kidogo sana ambacho hupatikana katika maini, dagaa, samaki, nyama, mayai na maziwa. Anayekula ugali na mboga za majani pekee kwa muda mrefu yumo hatarini, kwa kuwa mimea kwa kawaida haina B12.

Jiji la Dar es Salaam lenyewe limechangia sana katika kuujua uwezo wa vitamini hizi na mipaka yake. Kuanzia mwaka 1995, watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia wajawazito 1,078 waliokuwa wakiishi na VVU, kabla dawa za kupunguza makali hazijaenea nchini. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walipoteza mimba na kuzaa watoto wenye uzito pungufu kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998.

Baadaye likaja swali la pili: je, dozi kubwa ingefaa zaidi? Kati ya mwaka 2006 na 2008, wagonjwa 3,418 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU katika kliniki saba za jiji hilo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitamini kwa kiwango cha kawaida cha mahitaji ya mwili, na jingine kwa kiwango kikubwa. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kasi ya ugonjwa. Badala yake, vipimo vilionyesha ongezeko la kimeng'enya kinachoashiria madhara kwenye ini, na utafiti ukasitishwa mapema, mwezi Machi 2009. Penye upungufu, vitamini huokoa. Lakini kuzidisha dozi hakumwongezei mtu afya.

Somo hilo linamhusu pia mwenye ganzi. Chanzo kinachopatikana mara nyingi ni kisukari, na mtu anaweza kuwa nacho kwa miaka bila kujua. Akimeza vidonge huku sukari ikiendelea kupanda, mguu hupoteza hisia, kidonda kidogo kisichouma huoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. VVU, unywaji pombe uliokithiri na baadhi ya dawa navyo huleta ganzi. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huvuruga matumizi ya B6 mwilini, ndiyo maana wengi wanaoitumia hupewa B6 pamoja nayo. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa B12. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kupimwa kiwango cha B12 na kutibiwa, bila kuacha dawa yake kwa uamuzi wake mwenyewe.

Upungufu wa damu nao una sura nyingi. Ukosefu wa madini ya chuma, malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, ujauzito, selimundu na ugonjwa wa figo vyote huweza kuushusha wingi wa damu. Mchanganyiko wa B1, B6 na B12 hauna madini ya chuma. Mama mjamzito anayeutumia badala ya vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki hajatibiwa. Aidha, asidi ya foliki kwa dozi kubwa inaweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12 ilhali mishipa yake ya fahamu inazidi kuharibika kimyakimya.

Hatari nyingine imo ndani ya kidonge chenyewe. Mahitaji ya B6 kwa mtu mzima hayazidi sana miligramu 1 hadi 2 kwa siku, ilhali baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vina miligramu 100 au 200. Dozi kubwa kwa miezi mingi huweza kuleta ganzi ileile ambayo mgonjwa anaikimbia, naye akaongeza vidonge akidhani havijatosha.

Kwa hiyo, ganzi inayodumu, kuyumba wakati wa kutembea, ulimi unaouma na kuwa mwekundu, weupe wa viganja au kuhema kwa kazi ndogo ni sababu za kufika kituo cha afya. Kipimo cha sukari, cha VVU, cha malaria na cha wingi wa damu ni mwanzo mzuri. Mgonjwa aende na vidonge vyote anavyotumia, vikiwemo vile vya vitamini, ili mtaalamu avione. Iwapo B12 itathibitika kuwa pungufu, vidonge au sindano zitatolewa kwa dozi na muda maalumu. Na kadiri tiba inavyoanza mapema, ndivyo mishipa ya fahamu inavyopata nafasi kubwa zaidi ya kupona.