Chupa ya "Asilia" na Mtoto Mwenye Kifafa

Akina mama wenzangu, huku Rangwi na katika milima yote ya Usambara hatuhitaji mgeni wa kutufundisha thamani ya mimea. Tumelelewa kwa majani, mizizi na magome. Tena wengi wetu tunaishi kwa kabichi, karoti, viazi na maharage, na harufu ya dawa za kupulizia wadudu tunaijua vizuri. Kwa hiyo anapotokea muuzaji wa kitu kilichoandikwa "asilia, hakina kemikali", tunavutwa haraka.

Miongoni mwa vitu vinavyotangazwa hivyo kwenye simu zetu ni mafuta ya hempu na CBD. Tunaambiwa yanatibu kifafa, saratani, kisukari, maumivu ya viungo na kukosa usingizi. Kama muuguzi, nitasema hasa juu ya kifafa, maana hapo ndipo mtoto anaweza kupoteza maisha.

Hempu ni nini?

Hempu ni aina ya bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Vitabu vingine huiita katani, lakini sisi wa mkoa wa Tanga tukisikia katani tunafikiria mkonge, ambao ni mmea mwingine kabisa. Ndani ya bangi kuna vitu vingi. Viwili hutajwa sana: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, yaani kanabidioli, ambayo hailevyi.

CBD hupatikana zaidi kwenye maua na majani. Mafuta ya mbegu za hempu ni mafuta ya kula, kama yalivyo ya alizeti, na CBD yake ni kidogo mno au haipo. Hata hivyo wako wauzaji wanaotumia majina hayo kana kwamba ni kitu kimoja.

Ukweli uliokuzwa

Uongo huu unaaminika kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Mwezi Juni 2018, Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa na kupimwa. Iliidhinishwa kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto ambazo hutokea kwa nadra, na mwaka 2020 ikaongezwa ya tatu. Katika majaribio, watoto waliendelea kutumia dawa zao za kila siku, na hii ikaongezwa juu yake. Wengine walipata usingizi mzito, kuharisha, kukosa hamu ya chakula na matatizo ya ini.

Sasa tupige hesabu. Kipimo cha kawaida cha dawa hiyo huanzia miligramu 10 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 kila siku. Chupa yenye miligramu 500 kwa jumla itamfaa siku mbili na nusu tu. Muuzaji anayesema "matone matatu asubuhi na jioni, chupa inamaliza mwezi" hazungumzii dawa ile iliyopimwa.

Na je, lebo inasema kweli? Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa kwenye intaneti. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, au karibu nacho. Katika 18 ilikutwa THC, ile inayolevya. Mwaka huohuo serikali ya nchi hiyo iliyaonya makampuni manne yaliyodai kuwa bidhaa zao zinatibu saratani.

Neno "asilia" lina mpaka

Afrika Mashariki tunayo alama ya Kilimohai, iliyoanza mwaka 2007 pamoja na viwango vya kilimo hai. Ni alama njema. Inaeleza jinsi zao lilivyolimwa, na inaishia hapo. Haielezi kwamba zao hilo linaponya ugonjwa wowote. Hata mhogo mchungu uliolimwa bila dawa wala mbolea ya dukani una sumu usipoandaliwa vizuri.

"Nesi, vidonge niache?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo baada ya ibada, akinionyesha tangazo kwenye simu. Nilimjibu, "Hapana mama, usiruke hata dozi moja." Mtoto aliyezoea fenobabitoni akiiacha ghafla, anaweza kupata degedege lisilokatika, hata akafariki. Anaweza pia kuangukia motoni penye mafiga, au mtoni anapoteka maji. Vidonge hivyo vya bei nafuu vimewasaidia watoto wengi kukaa bila kuanguka, wakasoma na kucheza kama wenzao.

"Lakini kuna shuhuda," aliniambia. Kumbukeni kuwa kifafa huja na kuondoka. Mtoto anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuanguka hata asipopewa kitu kipya. Akiwa amepewa mafuta wakati huo, mafuta ndiyo yatakayosifiwa. Ugonjwa ukirudi, ni nadra ushuhuda wa pili kutolewa.

Tena iko sheria. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki na kusafirisha bangi. Asiyejua kilichomo ndani ya chupa anaweza kubeba kitu kitakachomfikisha mahakamani.

Kabla ya kufungua pochi

Muulize muuzaji maswali haya:

1. Je, bidhaa hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), au na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Namba ya usajili iko wapi?
2. Ndani yake mna nini, na kwa kiasi gani?
3. Mtoto wa uzito huu apewe kiasi gani, na nani alikipima?
4. Inapatanaje na vidonge anavyotumia sasa?

Akikasirika au akikuharakisha, rudisha fedha yako kwenye pindo la kanga.

Kama vidonge havimtoshelezi mtoto wako, usikate tamaa. Andika siku na saa anazoanguka, kisha mpeleke zahanati au hospitali pamoja na daftari hilo. Huenda dozi imebaki ya zamani huku mtoto ameongezeka kilo, au anahitaji dawa ya aina nyingine. Na kama umekwisha kununua mafuta hayo, ichukue na chupa. Mwonyeshe muuguzi bila kuona haya, ili ajue mtoto amekunywa nini.