Je, Wajua? Kalamu, Kibodi na Anayekuchapia

Je, wajua kwamba mashine iliyoandika riwaya inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kupitia kichakata maneno iliingia nyumbani kwa mwandishi kupitia dirishani? Mwaka ulikuwa 1968, mji London. Len Deighton alikuwa amekodi kutoka IBM mtambo ulioitwa MT/ST, wenye uzito wa takriban kilo 90, na mlango haukuutosha. Dirisha likang'olewa, kreni ikaletwa, mtambo ukapandishwa. Riwaya yenyewe, Bomber, ilitoka 1970.

Kinachosahaulika ni sababu ya usumbufu wote huo. Deighton alikuwa na katibu, Ellenor Handley, ambaye kila bosi wake alipobadili sentensi ilimbidi achape sura nzima upya. Fundi wa IBM aliyekuja kuangalia taipureta ndiye aliyesikia kuwa mama huyu amerudia sura zile zile mara makumi, akasema kampuni yao inayo dawa ya maradhi hayo. Kwa hiyo mtambo wa kwanza wa riwaya ulikodiwa kwa ajili ya vidole vya Handley. Msomaji anayejiuliza leo kama aandike hadithi yake kwa kalamu au kwa kompyuta aanzie hapo: nani atachapa?

Je, wajua kwamba taipureta za mwanzo za Remington, zilizoingia sokoni 1874, zilikuwa na herufi kubwa tupu? Kila barua ilisomeka kama ya mtu anayefoka.

Mark Twain alikuwa miongoni mwa wateja wao wa mwanzo. Baadaye alijigamba kuwa yeye ndiye mwandishi wa kwanza kumpelekea mchapishaji mswada uliopigwa taipu, akasema ulikuwa wa Tom Sawyer. Watafiti wanasema kumbukumbu ilimcheza: kitabu chenyewe ni Life on the Mississippi, cha 1883. Na hakukichapa yeye. Aliandika kwa mkono, karani akachapa.

Je, wajua kwamba Dostoevsky alimaliza riwaya nzima kwa siku 26? Mwaka 1865 alikuwa amebanwa na madeni, akasaini mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky: ama alete riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866, ama Stellovsky apate haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ikaingia hana hata ukurasa mmoja. Marafiki wakamshauri atafute mtu wa hati mkato, akaletewa binti wa miaka 20, Anna Snitkina. Mchana Dostoevsky alitembea chumbani huku akisimulia, Anna akinakili kwa hati mkato. Usiku binti huyo aliketi kwao akiyageuza yale maandishi kuwa hati inayosomeka, asubuhi akarudi nayo. Ndivyo ilivyozaliwa The Gambler. Siku ya mwisho ilipofika, Stellovsky alijifanya hayupo mjini ili mkataba uvunjike. Mswada ukakabidhiwa kituo cha polisi ili ipatikane stakabadhi. Miezi michache baadaye, Februari 1867, mwandishi alimwoa mpiga hati mkato wake. Sijasikia programu yoyote iliyomfanyia mtu hayo.

Je, wajua kwamba Sofia, mke wa Tolstoy, ndiye aliyeinakili Vita na Amani kwa mkono, tena na tena, kila mumewe alipoichafua upya kwa masahihisho? Na kwamba Vera Nabokov ndiye aliyezichapa kazi za mumewe, aliyependa kuandika kwa penseli kwenye kadi ndogo? Kadi zile zilimpa Nabokov uhuru wa kuandika mwisho kabla ya mwanzo na kuzipanga upya baadaye. Alipofariki 1977 aliacha kadi 138 za riwaya isiyokamilika. Zilitolewa kama kitabu 2009, ingawa mwenyewe aliagiza zichomwe.

Huku pwani mgawanyo huo wa kazi haukumshangaza mtu. Mmoja alitunga, mwingine akaandika. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840, yamefika mikononi mwetu kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyahifadhi kichwani akayaweka kwenye karatasi, W. E. Taylor akayaandikia maelezo. Lamu alikuwapo Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, mchonga mbao na bingwa wa hati za Kiarabu, ambaye mikono yake ilinakili tenzi nyingi kwa ajili ya watafiti kama Alice Werner na William Hichens. Sehemu ya hati hizo iko SOAS, London, na ukiziona utaelewa kwa nini watu walilipia mwandiko.

Je, wajua kwamba kuna riwaya ya Afrika Mashariki iliyoandikwa kwenye karatasi za chooni? Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Humo, mwaka 1978, akaanza Caitaani Mũtharaba-Inĩ kwa Kikuyu. Karatasi waliyopewa wafungwa ilikuwa ngumu na ya kukwaruza, jambo ambalo kwa kazi yake ya kawaida ni adhabu, lakini kwa kalamu ni neema: wino haukusambaa. Baadaye askari walipekua seli, wakabeba mswada wote. Bahati ilikuwa upande wake, akarudishiwa. Kitabu kilitoka 1980.

Gereza hilo hilo, miaka michache kabla, lilikuwa na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Naye alitumia karatasi za chooni. Yakatoka mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973. Mwaka uliofuata kitabu kikatunukiwa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Hapo msomaji acheke au alie, ni hiari yake.

Je, wajua kwamba unaweza kuandika kwa mkono vizuri kabisa na bado asipatikane wa kukusoma? Robert Walser wa Uswisi aliandika kwa penseli herufi zenye kimo cha milimita moja au mbili, kwenye vipande vya karatasi: migongo ya kalenda, bahasha, kadi. Alipofariki 1956 viliachwa vipande 526, na kwanza ilidhaniwa ni mafumbo ya mgonjwa wa akili. Riwaya yake The Robber ilikuwa imekaa kwenye kurasa 24 tu. Wataalamu wawili walitumia karibu miongo miwili na vioo vya kukuzia kuvisoma vyote.

Ukitaka kuona kazi kama hiyo bila kwenda Uswisi, kaa nusu saa kwenye steshenari yoyote ya mtaani inayochapa miswada. Dada wa kompyuta ameegemeza kauntabuku kwenye skrini, rula imewekwa chini ya mstari anaousoma. Neno asiloliona vizuri huliachia nafasi, kisha humgeukia mwenye mswada: "Kaka, hapa umeandika kaona au kaoa?" Herufi moja, na hadithi inakwenda mahakamani au bomani. Anafanya kazi kwa haraka maana bei ni kwa ukurasa. Anachapa ulichoandika, pamoja na ile aya ya tatu ambayo wewe mwenyewe ungeichapa ungechoka nayo katikati ukairuka. Mimi naona hapo ndipo faida ya kuandika kwa mkono inapopotea. Kunakili mwenyewe kunalazimisha kuisoma kila sentensi kwa mwendo wa vidole, na sentensi mbovu huuma vidole. Mwenye nafasi na aandike rasimu ya kwanza daftarini, lakini daftari hilo asimpe mtu.

Je, wajua kwamba nakala ya pili si nakala kama inasafiri na ya kwanza? Desemba 1922, Hadley, mke wa Hemingway, alikuwa akimfuata mumewe Uswisi. Alikusanya karibu kila kitu alichokuwa ameandika mumewe, maandishi ya mkono, yaliyopigwa taipu na nakala za kaboni, akatia vyote kwenye sanduku moja. Liliibwa Gare de Lyon, Paris, kabla treni haijaondoka. Leo sanduku hilo ni begi la mgongoni lenye laputopu ndani, na flashi yenye "nakala" imechomekwa kwenye hiyo hiyo laputopu. Jitumie mswada kwa baruapepe. Wa daftarini, piga picha kila ukurasa kwa simu.

Upande wa pili wako wasiotaka kibaki kitu. Kafka alimwagiza rafiki yake Max Brod achome maandishi yake. Brod akakataa, na The Trial ikatoka 1925, mwaka mmoja baada ya kifo cha Kafka. Terry Pratchett alijifunza, au pengine alikuwa na rafiki mtiifu zaidi. Alitaka kazi zake ambazo hazijakamilika ziangamizwe, na mwezi Agosti 2017 diski yake kuu ililazwa chini na kukanyagwa na mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara.

Je, wajua kwamba Ray Bradbury aliandika toleo la kwanza la Fahrenheit 451 kwenye taipureta za kukodi, katika chumba cha chini cha maktaba ya UCLA? Senti kumi kwa nusu saa, unatumbukiza sarafu mashine inaanza. Alimaliza kwa siku tisa, akatumia dola 9.80. Waliowahi kuandika hadithi kwenye intaneti kafe huku saa ya malipo ikihesabu pembeni ya skrini wanaujua mwendo huo.

Je, wajua kwamba Arthur C. Clarke, akiwa Sri Lanka, aliandika 2010: Odyssey Two, iliyotoka 1982, kwa WordStar? Programu hiyo ilitoka 1978 na wengi wameizika. George R. R. Martin hajaizika: alieleza kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba anaandika kwa WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS isiyo na intaneti, kwa kuwa hataki mashine inayomsahihishia maneno. Mtu mwenye wahusika mamia wenye majina ya kubuni ana haki.

Na sisi je? Fungua Word iliyowekwa Kiingereza, andika aya moja ya Kiswahili, ukurasa unatapakaa mistari myekundu kana kwamba umekosea kuzaliwa. Dawa ipo muda mrefu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili, na Microsoft nao baadaye wakaleta Windows na Office kwa lugha yetu. LibreOffice ya bure inayo kamusi ya Kiswahili. Ni kuchagua lugha kwenye mipangilio tu, kazi ya dakika moja, lakini nenda steshenari uhesabu kompyuta ambazo mtu amejisumbua kuziwekea Kiswahili.

Je, wajua kwamba Scrivener, programu inayopendwa na watunzi kwa kuwaruhusu kupanga sura na maelezo kama kadi ubaoni, ilitungwa na mtu aliyekuwa akitafuta chombo cha kuandikia riwaya yake? Keith Blount, mwalimu wa shule Uingereza, hakukipata sokoni, akajifundisha kuandika programu, akaitoa 2007. Kuna onyo ndani ya habari hiyo kwa anayetumia wiki nzima kutafuta programu bora.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 riwaya tano kati ya kumi zilizouzwa zaidi Japani zilikuwa zimeanza kama hadithi za simu? Na kwamba Behrouz Boochani, Mkurdi aliyezuiliwa na Australia kisiwani Manus, aliandika No Friend But the Mountains kwa Kiajemi, kipande kwa kipande, kwenye simu yake, akikituma kwa WhatsApp? Januari 2019 kitabu hicho kilishinda tuzo kubwa ya fasihi ya jimbo la Victoria, Australia, dola 100,000 za nchi hiyo, mwenyewe akiwa bado haruhusiwi kukanyaga huko. Vijana wanaotoa hadithi zao Facebook sehemu kwa sehemu, wakimalizia na "itaendelea", wasidharauliwe na mtu wa kauntabuku.

Utafiti maarufu wa Mueller na Oppenheimer wa 2014, unaosema kalamu hushinda kibodi, ulihusu wanafunzi wakiandika muhtasari wa mihadhara. Watafiti wengine waliourudia hawakupata ushindi wa wazi kama ule. Hadithi hazikuwamo. Anayekutajia ili uache kompyuta, mpe chai mbadilishe mada.

Je, wajua, mwisho, kwamba mwaka 1987 Wendell Berry, mkulima na mtunzi wa Kentucky, alieleza katika jarida la Harper's kwa nini hatanunua kompyuta? Sababu zake zilikuwa nzito: umeme wa makaa ya mawe, gharama, fundi asiye jirani. Anaandika kwa penseli au kalamu mchana, akasema, na mkewe huchapa kwa taipureta ya Royal waliyoinunua ikiwa mpya mwaka 1956.  Baadhi ya wasomaji walimvaa kwenye taipureta. Mmoja aliandika akimsifu Berry kwa kugundua kifaa kisichotumia umeme, kinachosahihisha mswada na hata kufua nguo, kiitwacho mke. Berry alijibu kwa insha nyingine, ndefu kuliko ya kwanza.